Kaye ya Wasiofika

Nakumbuka asubuhi ile ya kijijini kwetu Miti vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, na ndoa yangu ilikuwa na fanfari, bendi nzima ya tarumbeta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wewe Riziki, mwanangu, uliyepokea kwangu kazi ya usekretere wa shirika letu hapa Cimpunda, nivumilie nikianzia mbali. Jambo lenyewe linanitia hofu, na nikilianza moja kwa moja nitalia kabla sijafika katikati.

Kwanza niliweke wazi neno hili, maana huenda barua hii ikasomwa na mwingine. Shirika ni majirani Wakatoliki wa sehemu moja, wanaokutana kila Alhamisi kusali katika nyumba ya mmoja wao. Parokia ni kubwa, Padri hawezi kumjua kila mtu, kwa hiyo shirika ndilo linalomjua. Mtu akitaka kubatizisha mtoto, kufunga ndoa au kuzika, anaomba kwanza karatasi ya shirika inayosema kwamba huyu ni wetu, anasali nasi. Sekretere ndiye anayeiandika karatasi hiyo, na kabla ya kuiandika anafungua kaye, daftari la mahudhurio.

Huko Miti nilichaguliwa sekretere kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, nami nikajiona kama nimepewa mji mzima. Nilinunua kalamu mbili, ya buluu kwa waliofika na nyekundu kwa wasiofika. Aliyefika alipata alama ndogo ya buluu, asiyefika alipata sifuri nyekundu, kubwa, ya mviringo kabisa. Nilizipenda sifuri zangu, sitakuficha.

Kulikuwa na bibi mmoja mjane, koko Feza, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya migomba, mbali kidogo na njia ya Kavumu. Alipofikisha sifuri tatu nilisoma jina lake mbele ya watu wote, kisha nikaongeza la kwangu, kwamba palipo na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, watu wanajua njia bila kuonyeshwa, ila kwenye sala miguu inakuwa mizito. Watu walicheka. Katekista wetu, Papa Melkiori, mzee mwembamba aliyevaa koti lilelile mwaka mzima, hakucheka. Aliinamisha kichwa tu, akaanzisha wimbo wa mwisho.

Kesho yake asubuhi, mama yangu akiwa bado anakoleza moto, Papa Melkiori alisimama mlangoni kwetu akaniambia nichukue kaye na kalamu zangu zote mbili, nimfuate. Nilidhani ananipeleka kunisifu kwa Padri. Tuliteremka kati ya migomba, umande umetulowesha mpaka magotini, hadi kwa koko Feza.

Tulimkuta amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa majani na kitambaa cheusi kwa uchafu. Chungu cha maharagwe ya moto kilikuwa kimemmwagikia, karibu mwezi mzima uliopita. Alipotuona alifurahi mpaka nikaona aibu kumtazama. Alidhani shirika zima liko nyuma yetu, linakuja kusali kwake. Alituambia kwamba kila Alhamisi upepo ukiwa mzuri alisikia nyimbo zetu kutoka mkekani pale, na alikuwa akiitikia peke yake. Kwa hiyo Alhamisi niliyowachekesha watu kwa jina lake, yeye alikuwa anaimba nasi.

Papa Melkiori alichota maji, akamwosha mguu ule taratibu, mimi nimesimama na kaye yangu kifuani. Alipomaliza aliniambia nifungue ukurasa mpya.

“Andika hapa batu benye hawakufika kwa koko Feza,” alisema. “Anza na jina yako.”

Niliandika. Aliniambia nichukue ile kalamu nyekundu, niweke sifuri mbele yake, nzuri kama zile ninazowawekea wengine. Kisha nikaandika la mukubwa wa shirika, kisha majina ya waimbaji, kisha akaniambia niandike la kwake yeye mwenyewe, Melkiori, sifuri. Nililia juu ya karatasi mpaka wino ukatawanyika, na siku ile niliapa kwamba kaye haitanidanganya tena maishani.

Mwanangu, niliapa. Na ona sasa nilichofanya nikiwa na mvi.

Nabintu unamjua, jirani yangu wa nyumba ya chini. Mimi naye tuliolewa hapa Cimpunda mwaka mmoja, wote wawili wageni, hatujui hata bomba la maji liko wapi. Tangu wakati huo, kila Dominika saa tisa tulikunywa chai pamoja, wiki moja kwangu, wiki moja kwake. Tumezaa, tumezika waume, watoto wetu wametawanyika. Wa kwangu mmoja yuko Shabunda kwenye dhahabu, mwingine ameolewa Kamanyola. Chai ya Dominika haikutawanyika. Hata Nabintu alipoacha kuonekana kwenye sala ya Alhamisi, na hata Dominika zake za chai zikaanza kurukwa, nilisema moyoni ana shughuli, atakuja.

Siku moja baada ya misa alinifuata uani kwa kanisa, akaniomba karatasi ya kubatizisha mjukuu wake, mtoto wa binti yake Esperansi. Kaye ilikuwa mkobani. Niliifungua palepale, watu wakipita, nikamwonyesha sifuri saba mfululizo. Nilimwambia sheria ni sheria, arudi kwanza kwenye shirika mara tatu, halafu tutaongea juu ya karatasi.

“Ni sawa, Mama Sifa,” alisema, akaondoka.

Hakueleza kitu, nami sikuuliza. Unataka kujua kwa nini? Nilikuwa naogopa watu waseme nampendelea rafiki yangu. Nilitaka waone jinsi nilivyo mnyoofu, na wakaniona kweli. Mama mmoja alinipongeza kwa sauti.

Yaliyokuwa nyumbani kwa Nabintu niliyajua baadaye, wakati hayakuwa na faida tena. Esperansi alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, na tangu atoke hospitali hakuwa akisema neno. Alikaa akitazama ukuta, maziwa hayatoki, mtoto analia. Nabintu, na umri ule, alikuwa anapandisha bidoni za maji kutoka bomba la bondeni mara nne kwa siku, mvua inanyesha, udongo unateleza. Mimi naishi juu yake, hatua themanini labda. Nilikuwa nasikia mtoto analia na kusema moyoni ana mapafu mazuri.

Siku moja, katikati ya mtelemko ule, alikutana na vijana wawili wa mashati meupe na kravati shingoni, kibao cheusi chenye jina kifuani. Umeshawaona mjini, wanatembea wawiliwawili, ni wahubiri wa Wamormoni. Waliomba wambebee bidoni. Nabintu anasema alidhani ni wezi wapya wanaovaa vizuri. Walibeba mpaka mlangoni, wakamwuliza jina, wakamwuliza jina la mgonjwa, wakaomba ruhusa ya kusali kidogo, wakaenda. Ijumaa walirudi. Kabla ya kitu chochote mmoja aliuliza, “Maman Nabintu, Esperansi ameamkaje leo?”

Majina yote mawili, na hawakuyaandika popote.

Baadaye wakaja akina mama wa kanisa lao, wawiliwawili vilevile. Mmoja alifua nepi, mwingine alikaa na Esperansi bila kumlazimisha kusema, akisuka nywele zake. Walifanya hivyo wiki baada ya wiki, mpaka siku Esperansi alipomwambia yule mama kwamba anavuta sana, anaumiza. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Nabintu alipokwenda kwenye nyumba yao ya sala mara ya kwanza, alimkuta mtu anamngoja mlangoni, akakaa naye, akamfungulia kitabu, na sala ilipokwisha hakuna aliyekimbia. Walibaki wakiulizana habari.

Alikuja kunieleza mwenyewe, Dominika ya zamu yangu. Nilifurahi kumwona, nikamimina chai, naye akafunika kikombe kwa kiganja. Aliniambia kwamba siku hizi hanywi tena chai, kwao hainywewi, nimpe maji tu. Sijui kwa nini kikombe kile kiliniuma kuliko habari yenyewe. Nilikasirika. Nilimshambulia kwa kila kitu nilichojua, habari za Papa wa Roma, za Bikira Maria, za rozari aliyozikwa nayo mama yake, za kitabu chao ambacho sijawahi kukifungua. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akasema neno ambalo bado linatembea ndani yangu.

“Mama Sifa, mi sikumuacha Yesu. Nilienda kwenye batu banauliza niko namna gani.”

Nikamwuliza, na mtoto je? Akanijibu kwa upole kwamba kwao mtoto anabatizwa akifika miaka minane, kwa hiyo atangoja. Mtoto ana miaka miwili sasa. Wewe bado msichana, labda hujui inavyomkaa mtu wa zamani kama mimi habari ya mtoto kukaa miaka sita mingine bila maji ya ubatizo. Kila akikohoa kule chini, moyo wangu unaruka. Hakukosa ubatizo kwa sababu ya Wamormoni, mwanangu. Alikosa kwa sababu ya kaye yangu, kabla hao hawajapanda mtelemko wetu.

Mwezi wa nane niliposema nawaachia vijana kazi kwa sababu macho yangu yamechoka, nilisema uongo. Macho yangu yanaona mpaka ng'ambo ya ziwa. Niliona aibu, na sikuwa na ujasiri wa kusema kwa nini. Nikakukabidhi kaye mpya, mbele ya watu, wakapiga makofi, na sikukuambia lolote kuhusu koko Feza wala Nabintu. Hilo ni kosa la tatu.

Sasa nifike kwenye hofu yenyewe. Unajua goti langu limenikatalia. Ni Alhamisi ya tano sasa sijapanda kwenye sala. Mlinitumia ujumbe kwenye grupe ya simu, na wewe uliandika, “Pona haraka koko, tunakuombea,” na wengine wakaweka zile picha za mikono ya kusali, mikono mingi mpaka simu ikajaa. Nashukuru. Najua una mitihani ya chuo, najua wengine wana soko na watoto. Lakini hakuna aliyefika, na mimi najua Alhamisi kaye inafunguliwa. Nimeishika kalamu hiyo miaka mingi, nikikaa hapa kitandani nausikia mkono wako unavyozunguka.

Jumanne iliyopita mlango uligongwa. Alikuwa Nabintu, na nyuma yake wale vijana wawili. Mmoja ni wa Lubumbashi, mwingine wa Kinshasa ambaye Kiswahili chake kinachekesha, anakitia Lingala kila mahali. Hawajaota ndevu vizuri, lakini wana cheo chenye maana ya mzee, na wanaitana hivyo kwa uso mkavu kabisa. Niliwaambia kama nyinyi ni wazee mimi niko marehemu. Walicheka, nami nikacheka, na nilipocheka nikagundua kwamba sikuwa nimecheka tangu goti lilipoanza.

Hawakufungua kitabu. Walileta maji. Yule wa Lubumbashi alitazama mlango wangu, pale mvua ilipochimba udongo na kuacha shimo refu, akauliza ninashukaje hapo na goti hili. Nikamwambia sishuki, ndiyo maana sitoki. Walivua kravati, wakatafuta mawe mawili mapana nyuma ya nyumba, wakayapanga na kuyashindilia mpaka yakawa ngazi. Kisha walinishika mikono, mmoja huku, mmoja huku, nikashuka nikasimama kwenye jua. Tulikula sombe, majani ya muhogo. Walipoomba ruhusa ya kusali nilifanya ishara ya msalaba, kubwa, makusudi, waione. Walinisubiri nikamaliza, ndipo wakasali. Walisema watarudi Jumanne hii.

Riziki, tangu siku hiyo ninasikiliza mlango. Nimeweka kando parachichi tatu zilizoiva vizuri, na si kwa ajili yako. Baba yangu alibeba matofali ya kanisa la Miti kichwani. Nimekuwa Mkatoliki tangu tumboni, na ninahesabu siku kufika Jumanne kama mtoto anayengoja nguo ya Noeli. Ninaogopa. Hakuna aliyenihubiria bado, na tayari moyo wangu umesogea. Siku watakapofungua kitabu chao nitasikiliza, maana utamwambiaje mtu aliyekupangia mawe ya kukanyaga kwamba hutaki kumsikia?

Sitaki uwachukie. Nikisikia umewasema vibaya tutagombana. Wako wanaosema upole ule ni mbinu ya kuvuta watu, wamefundishwa. Labda. Basi na sisi tufundishwe, nani anatuzuia? Mimi siwezi kusema imani yao ni sawa na yetu, siamini hivyo, na nikimkosa Yesu wa altare na Mama yake nitakuwa yatima. Lakini mtu mpweke haulizi kwanza mafundisho. Anauliza nani alikuja. Nilipokuwa kijana nilionyeshwa jambo hili kwa kidole, na bado limenipita mara mbili.

Sasa sikia ninachokuomba, mwanangu. Kaye ikikuonyesha sifuri ya pili ya mtu, usingoje ya tatu, ifunge uvae viatu. Usilisome jina la asiyefika mbele ya watu, hujui kama anaimba nanyi kutoka mkekani. Nenda na mwenzako, hata bila kitu mkononi, uulize hali yake kisha nyamaza usikilize, maana sisi wa shirika tunapenda kuuliza na kujibu wenyewe. Kwenye misa, mtu unayekaa naye benchi moja, mjue jina, na Dominika inayofuata mwite kwa jina hilo. Na akija mtu kukuomba karatasi, fungua mdomo kabla ya kufungua kaye.

Kuna moja kubwa zaidi. Andika karatasi ya mtoto wa Esperansi. Hakuna aliyekuomba, andika tu, weka muhuri, tuipeleke mimi na wewe. Hatuendi kumvuta Nabintu kwa nguvu wala kumbishia. Nitamwambia nilichopaswa kumwambia uani kwa kanisa, kwamba nilikosa, na karatasi iko hapa siku wakiitaka, na wasipoitaka vilevile tutakunywa maji pamoja Dominika saa tisa. Hatua themanini, na mawe yale mawili yanatosha kunianzisha. Ukinishika mkono nitafika.

Leo nimetoa kaye yangu ya zamani, ile yenye kurasa chache zilizobaki. Nimeandika juu ya ukurasa, waliofika na wasiofika kwa Mama Sifa. Nabintu, amefika. Vijana wawili, wamefika, nimewawekea alama ya buluu kwa mwandiko wangu mzuri. Chini yake nimefungua orodha nyingine, wasiofika kwa Nabintu, na jina la kwanza ni langu, sifuri. Kisha nikarudi juu nikaandika jina lako, Riziki. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nimeiweka chini, mbele ya jina lako nimeacha nafasi tupu. Leo ni Dominika, Jumanne ni keshokutwa.

Mungu aliyempa Papa Melkiori subira ya kuteremka na msichana mwenye kiburi kwenye umande, akupe wewe miguu myepesi na sikio refu. Bikira Maria akushike mkono usiteleze kwenye mtelemko wetu huu mbaya. Watu wote utakaoandika majina yao wakuone mlangoni kwao kabla hawajachoka kungoja, na siku goti lako litakapokukatalia, usihesabu siku peke yako. Mlango wangu sifungi komeo mchana, sukuma tu uingie.